Herufi za Debe

Katika mashamba yote ya mkonge ya Kimamba, miaka ile ya Mwingereza, robota za shamba alilofanya kazi Donati zilijulikana tangu mbali. Alama yake ilikuwa ya herufi nene, nyeusi, zenye pembe kama zimechongwa kwa shoka. Donati, mpiga alama wa godauni, mtu wa milima ya Mamboya aliyesomea misheni, alizikata kwa patasi kwenye bati la debe la mafuta ya taa. Patasi haijui kupinda. Hata O yake ilikuwa na pembe nane. Bati likishakatwa, huliweka juu ya robota, hupitisha brashi ya rangi, alama imekaa.

Kwa mabati kama hayo alipiga pia namba migongoni mwa fulana za timu ya mpira ya shamba. Rafiki yake Wenceslaus, mkata mkonge aliyeletwa kutoka Songea, alikuwa beki, namba tano. Vijana wa Kilosa walipoiona ile tano yenye mabega walisema huyu kabeba treni mgongoni.

Wenceslaus akafa kwa homa, wiki ya mvua kubwa. Shamba likamzika kama lilivyowazika manamba wote, vibarua wa mkataba: ubao mfupi, na juu yake namba ya kipande, kadi yake ya kazi, 214. Aliyeipiga ni Donati mwenyewe, kama alivyozipiga nyingine, wala hakuona ubaya.

Miezi miwili baadaye akaja dada wa marehemu, Fausta, kuchukua udongo wa kaburi aupeleke kwa mama yao. Donati akampeleka. Fausta akautazama ubao, akakikunja kitambaa alichokuja nacho cha kufungia udongo, bila kuinama.

"Mama atauliza udongo nimeutoa kwa nani. Nimwambie kwa mia mbili kumi na nne?"

"Dada, ni yeye. Nilimshusha kwa mikono yangu."

"Basi mwandike, kaka."

Akasema atangoja mpaka treni ya Jumatatu. Ubao ukibaki vile, atarudi mikono mitupu.

Rangi na mabati vilikuwa mali ya shamba, havitoki godauni. Anayevitoa hupelekwa kwenye mistari ya mkonge, miibani, na Donati alikuwa na miaka tisa ya kazi ya kivulini. Jumamosi akashika patasi. Alama ya shamba ilimpa S na E. Herufi sita zilizobaki akazikata upya.

Jumapili, kabla ya misa, Fausta akiwa amesimama pembeni ya kaburi, Donati aliugeuza ubao akapiga jina upande safi. Herufi kumi, nusura ubao usitoshe. Mwinshehe, mnyapara wa godauni, akamkuta na brashi mkononi.

"Donati, sema rangi umeiokota. Nami nitasema hivyo hivyo."

"Nimeitoa godauni, mzee."

Fausta hakuwasikiliza. Alilifuata jina kwa kidole mpaka rangi mbichi ikamshika, kisha akapiga magoti, akalia kwa sauti, akafunga udongo.

Jumatatu treni ilipoondoka naye, Donati alikuwa mstarini na kisu, miiba ikimchoma mapaja. Mwinshehe akamfuata. Akamwambia meneja amesema akiomba radhi, kazi yake ya godauni ipo. Robota za leo, zilizopigwa na mwingine, hazisomeki.

Donati akakata jani, akauliza kama ubao umeng'olewa.

"Upo," akasema Mwinshehe.

"Basi niache nimalize mzigo wangu."