Zamu Moja Niliyowapa Watu Watatu

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa ladha ya mchanga, mwanangu. Mchanga wa korongo, ule mweupe unaong'ang'ania kwenye meno. Mpaka leo nikila mboga isiyooshwa vizuri narudi pale pale, kijana mwenye ndevu changa na sauti kubwa, nikitafuta cheo.

Umeniletea fomu yako ya kugombea udiwani, umeiweka juu ya kigoda, unangoja niweke dole gumba nikudhamini. Tutafika huko. Kwanza kaa unywe uji, maana hata mimi niliwahi kugombea, tena wakati wa Wajerumani, kabla hatujaijua karatasi ya kura wala sanduku lake. Kulikuwa na miguu tu. Mtu alikuja akasimama nyuma yako, au hakuja.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mvumi, na kiangazi kikishika tuliishi kwa kisima kimoja kilichochimbwa katikati ya korongo. Wewe umezaliwa ukayakuta mabomba, kwa hiyo ngoja nikueleze. Maji yalikuwa chini ya mchanga. Ulichimba kina cha watu wawili, ukakata vidato ubavuni, watu wakasimama humo wakipokezana vibuyu hadi juu, na maji yakamwagwa kwenye hori la udongo. Kundi moja la ng'ombe lilikunywa, mengine yakazuiwa mbali, kwa sababu ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji hasikii fimbo wala mwenyewe. Na kingo za kisima zilikuwa mchanga mtupu. Bila zamu hatukuwa na kisima.

Jumbe wetu alipofariki, wazee walitukabidhi kisima vijana wawili. Ndahani alipewa kazi ya kuchimba, kwa kuwa alikuwa na mabega mapana na maneno machache. Mimi nilipewa kazi ya kuita zamu, kwa kuwa sauti yangu ilifika ng'ambo ya pili bila kuhangaika. Isitoshe, nilijua Kiswahili. Nilikuwa nimefyeka njia ya reli huko Dodoma, nikarudi nyumbani na kanzu moja na majivuno ya kujaza gunia. Ndahani alijua Kigogo tu. Kwa hiyo akida, mtu wa pwani aliyewasimamia majumbe kwa niaba ya Wajerumani, alipotuma habari kwamba anakuja kuweka jumbe mpya, na kwamba safari hii amechoka kuweka watu wanaokimbiwa na wenzao, atamweka yule ambaye kijiji kitasimama nyuma yake, majina yaliyotajwa yakawa hayo mawili. Nilijiona nimeshapata.

Nikuambie ukweli, nilikitaka kiti kile cha jumbe mpaka nikakosa usingizi. Baba yangu alikufa njiani, mzigo wa serikali ukiwa kichwani mwake, na jumbe hakubebeshwa mizigo. Nilitaka mama anione nimekaa kwenye kiti, mbele ya watu wale wale waliokuja kumchukua mumewe. Hamu ya namna hiyo si dhambi. Dhambi ni mambo niliyoyafanya kwa ajili yake.

Nilianza kupita nyumba kwa nyumba. Mzee Malogo, mwenye kundi kubwa kuliko wote, aliniambia, "Siku akida akija, ng'ombe wangu wanywe wa kwanza, apate kuona kijiji hiki kina nani." Nikamjibu, "Umepata, babu." Kesho yake nilifika kwa Mama Chiku, mjane ambaye wanawake wote walimsikiliza. Ng'ombe wake walikuwa wachache na walitoka mbali, ndama wake walikuwa wameanza kuanguka njiani. "Nikicheleweshwa tena, mwanangu, sina ndama," akasema. Naye nikamwambia, "Umepata, mama." Wa tatu alikuwa mjomba wangu Senyagwa, aliyenilea baada ya baba kufa. Huyu hakuomba kitu. Tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, tumbo limeshiba, na mimi nilikuwa nimeshaonja raha ya kugawa, basi nikampa zamu ya kwanza bila kuombwa.

Mzee Malogo hakuwa mjinga. Alikwenda na kwa Ndahani kuomba jambo lile lile. Ndahani akamwambia, "Hapana, babu. Wewe una kundi kubwa, utakunywa wa tatu, wakishakunywa ndama wa Mama Chiku na ng'ombe wa Senyagwa." Habari hiyo iliponifikia nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikawaambia wenzangu kwamba mtu huyu hajui hata kuwaomba watu wasimame nyuma yake.

Siku yenyewe akida alikuja asubuhi, amepanda punda, nyuma yake askari mmoja na kiboko mkononi. Ndahani alikuwa ameingia kisimani tangu alfajiri, peke yake, anazoa mchanga uliomwagika usiku. Mimi nilikuwa juu, kwenye ukingo, na kanzu yangu iliyofuliwa, nampokea mgeni kwa Kiswahili changu chote. Labda utaniuliza, mwanangu, nilikuwa na mpango gani kuhusu zile zamu. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa naamini nitapata la kusema, kwa sababu siku zote nilikuwa napata.

Mara vumbi likainuka pande tatu. Malogo alitokea juu ya korongo, Mama Chiku na wanawe chini, mjomba wangu ng'ambo. Kila mmoja aliponiona aliinua fimbo akanisalimu kwa furaha ya mtu anayejua anatarajiwa. Nikafungua mdomo niite zamu, na sikujua niite jina la nani. Sauti ile niliyokuwa najivunia, iliyoniletea kazi na jina, siku hiyo haikutoka. Wachungaji wakangoja niite, ng'ombe hawakungoja. Walinusa maji wakaja wote kwa pamoja, wakalivunja hori, wakakanyagana, na ukingo wa kisima ukashuka na mchanga wake wote juu ya Ndahani.

Tulichimba kwa mikono. Tulichimba kwa vigae vya hori lililovunjika, kwa vibuyu, kwa chochote, na mimi nilichimba nikilia na kanzu imechanika hadi kiunoni. Tulipata nywele kwanza, kisha uso, kisha pumzi. Tulipomvuta nje alikaa chini akikohoa, macho mekundu. Pembeni yake ndama mmoja wa Mama Chiku alikuwa amelala, amekanyagwa, amekufa.

Akida akauliza, "Zamu ilikuwa ya nani?" Nikatafsiri kwa Kigogo. Wakajibu wote watatu kwamba ilikuwa yao, kisha wakageukiana kwa mshangao, kisha wakaanza kueleza, mmoja baada ya mwingine, nilikuja lini, nilikaa wapi na nilisema nini. Mama Chiku alieleza huku akimshika ndama wake sikio. Na walipomaliza, akida, ambaye hakujua hata neno moja la Kigogo, alinitazama mimi. "Wanasemaje?"

Hakuna mwingine pale aliyejua lugha zote mbili. Nikamwambia, "Wanasema ng'ombe walikuwa na kiu sana, bwana."

Akida akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa imekwisha, mwanangu. Angetuambia tusimame, na nusu ya watu wangekuwa bado wanabishana wenyewe kwa wenyewe, na pengine ningeshinda. Lakini mjomba wangu alikuwa ananitazama. Hakujua Kiswahili, ila alijua kuhesabu. Akaniambia taratibu kwa Kigogo, "Watu watatu tumesema mengi, wewe umesema machache. Mwambie yote."

Nikamgeukia Ndahani. Nilitumaini nitamwona na hasira, maana mtu mwenye hasira unaweza kupambana naye. Alikuwa anatema mchanga tu. Angeniacha niende na uongo wangu, nilimwona kabisa kwamba angeniacha, na hapo ndipo aibu iliponishika. Nikasema, "Bwana, nimekuficha. Wanasema niliwapa wote watatu zamu moja, ili wasimame nyuma yangu. Na ni kweli."

Nililazwa pale pale korongoni nikachapwa viboko kumi. Askari yule hakuwa na haraka. Mama yangu alikuwa amesimama na mtungi wake, na mimi uso wangu ulikuwa chini, mdomo umejaa ule mchanga niliokutajia.

Kisha akida akasema watu wasimame. Wa kwanza kwenda nyuma ya Ndahani alikuwa Mzee Malogo, yule yule aliyeambiwa hapana. Mama Chiku akafuata, kisha mjomba wangu, kisha kijiji. Nyuma yangu alisimama mtu mmoja, mama yangu, na akida hakumhesabu. Miezi baadaye nilipata ujasiri wa kumwuliza Malogo kwa nini. Akacheka. "Huyu aliponiambia wa tatu, nilijua nitakunywa wa tatu," akasema. "Wewe uliponiambia wa kwanza, sikulala vizuri."

Jioni ile nilidhani nitahama. Ndahani alikuja kwetu, shingo bado imekakamaa, akatusalimu, "Mbukwa," akaketi. Akamwambia mama kwanza pole, halafu akanigeukia. "Nitahitaji mtu wa kunisemea kwa akida. Nakutaka wewe." Nikamwuliza kama ananidhihaki. Akasema, "Leo umesema neno ukijua litakuletea viboko. Mengine hayatakushinda." Nikampelekea Mama Chiku mtamba wangu, niliyekuwa naye mmoja tu, na asubuhi yake nikashuka na Ndahani kisimani tukaanza kuchimba upya.

Nilimsemea mpaka vita vya Wajerumani na Waingereza vilipofika. Nilitafsiri hapana zake nyingi mno. Walipokuja kutaka ng'ombe wa jeshi, aliwakusanya watu akawaambia waziwazi kwamba hawezi kuzuia, ila kila boma litatoa kwa kipimo kimoja, na la kwake litaanza. Watu walilia, walimlaani hata, lakini hakuna aliyeficha ng'ombe wake ili wa jirani achukuliwe. Nilikuwa nimesimama kando yake na nikajua kwamba kiti kile kama ningekipata mimi, siku hiyo ningewaambia kila mmoja kuwa wake hawataguswa.

Sasa turudi kwenye kigoda. Juzi alipita hapa Dodoma mjini mama mmoja wa mtaa wa Miyuji, akaniamkia, akaniambia kwa furaha kwamba bomba la maji linakuja mtaani kwao mwakani. Leo asubuhi fundi viatu wangu, yule anayekaa karibu na stesheni, kaniambia bomba hilo hilo linakuja kwao. Nilimwuliza kila mmoja kaambiwa na nani. Wote wamelitaja jina lako, mwanangu, tena kwa upendo. Na wewe mwenyewe uliniambia wiki iliyopita, ukikaa hapo hapo ulipokaa, kwamba mji una bomba moja tu la kuongeza.

Usiinamishe kichwa. Nisingekueleza habari za viboko vyangu kama ningekuona mtu mbaya. Wewe unapenda watu wakufurahie, kama mimi nilivyopenda, na mtu anayeomba kura anaiona furaha ya watu kila anapofungua mdomo. Lakini mwenye kukuomba maji ana ndama nyumbani. Atapanga siku yake kwa neno lako, ataamka alfajiri kwa ajili yake, na atakapofika akute wenzake wawili wamekuja kwa neno hilo hilo, kuna mtu atakuwa chini ya mchanga. Mpe neno moja, ulilo nalo kweli, hata likiwa la tatu. Na ukikosea, usimwachie mwingine akutafsirie kosa lako. Liseme wewe, lote, mapema, kwa wale wale uliowadanganya.

Kwa hiyo nenda Miyuji leo, kabla jua halijachwa. Ukitoka huko, pita kwa fundi viatu. Waambie bomba ni moja na hujui bado litakwenda wapi. Wengine watakununia, na pengine utashindwa. Kisha urudi hapa. Fomu nitaitunza mwenyewe chini ya mto, na dole langu litakuwa limeshanawa, likingoja wino.

Mungu akupe sauti inayofika ng'ambo, mwanangu. Akupe moyo wa kumwambia unayempenda kwamba si zamu yake. Na siku watu watakaposimama, awepo mama yako kuona, na asiwe peke yake nyuma yako.