Funza waliniambia mume wangu alikuwa njiani kurudi

Wakuu, salamu kutoka Kathonzweni. Nimeona mnabishana hapa kwamba wadudu kuonyesha mnyama alikufa lini ni mambo ya movie. Mimi yalinipata, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya themanini, kiangazi kibaya. Mume wangu Muthama alivuka mto Athi kwenda upande wa Kitui kumtafutia nyasi Mutune, ng'ombe wetu mwekundu wa kulima. Akaniambia mvua ikianza atarudi tupande.

Mvua ikagusa kidogo. Wenzake waliovuka naye wakarudi, yeye hapana.

Sokoni wakaanza: ameuza ng'ombe, yuko Mombasa na mwingine. Watu wana midomo jamani!

Halafu tukasikia kuna mzoga mwekundu kando ya mto. Nilienda na shemeji yangu Kioko, polisi mmoja na daktari wa mifugo. Alikuwa Mutune. Nilimjua kwa pembe iliyovunjika.

Kengele haikuwa shingoni. Kwetu, ng'ombe akikufia malishoni, unafungua kengele yake unaileta nyumbani. Basi aliyeifungua ni Muthama. Kwa hivyo kama Mutune alikufa zamani na Muthama hajafika, basi alikuwa ameniacha kweli. Kama ni juzi, alikuwa njiani.

"Shemeji, hii imekauka, ni ya kitambo. Turudi," Kioko akasema.

Daktari akainua ngozi. Chini yake kulikuwa kubichi na funza wamejaa.

"Juu ni jua limekausha," akasema. "Lakini hawa bado ni wadogo. Kwa joto hili wanakua haraka. Ingekuwa ya kitambo wangekuwa wameshashuka kwa mchanga wakageuka nzi."

Akachimbua mchanga pande zote akitafuta maganda matupu ambayo nzi huacha wakitoka. Hakuna hata moja.

"Mama, hii ng'ombe imekufa juzi juzi tu."

Wakuu, nililia kwa furaha nikiangalia funza. Hebu fikiria.

Nilikimbia nyumbani nikapika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, sufuria nzima, maana mtu atakuja na njaa. Ukalala bila kuliwa. Kesho yake nikapika tena.

Polisi walitafuta kando ya mto wote. Hawakumpata, wala ile kengele. Wengine walisema ni mto, wengine ni mamba. Mimi sijui.

Nilichojifunza: sayansi inaweza kukwambia ng'ombe alikufa lini, na isijue mtu wako alienda wapi. Lakini maneno ya Mombasa yaliisha siku ile, na hilo nawashukuru wale funza mpaka leo. Muthama hakuniacha. Nimemkosa tu, na miaka haijapunguza kitu. Ng'ombe wa jirani wakipita na kengele, bado natoka nje.

Bishaneni sasa, nitasoma zote. Ila kama uko upande wa Kitui, na kwenu kuna kengele kuukuu iliyookotwa kando ya Athi, niandikie. Sitauliza aliyeiokota ni nani. Itikise tu niisikie.