Maji ya Mvua ya Betri za Mama

Harufu ya betri inayochajiwa haina mwenzake. Ni kali na chachu, hukaa kooni kuliko puani, na ukiizoea sana utaionja hata kwenye chai. Kibandani kwa Mama ilichanganyika na harufu ya unga wa moto uliotoka kwenye kisiagi cha jirani, na ile ya vumbi la Kitengela, vumbi ambalo mwezi wa Februari huingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Nimeishi kwingi tangu wakati huo, na nimenusa manukato ambayo Mama hakuwahi hata kuyaota. Lakini nikipita nje ya karakana yenye betri kwenye chaja, miguu hugoma. Watu hunipita wakidhani nimesahau kitu nyumbani. Sijasahau kitu. Ninamtaka Mama tu, basi.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vyetu kando ya barabara ya Namanga zikienda kwa wenye nazo, na sisi wengine tulikuwa na betri za gari bila kuwa na gari. Betri moja iliendesha redio, taa ndogo na televisheni ya picha nyeusi na nyeupe, kisha ikazimika katikati ya taarifa ya habari. Kesho yake ililetwa kwa Mama: kwa mkokoteni, kwa baiskeli, au mgongoni mwa punda. Baba alifanya kazi kiwandani Athi River, na Mama, ambaye alifunzwa kazi hii na kaka yake fundi wa magari, alikodi kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa kisiagi cha Mutua, Mkamba mcheshi ambaye sikuwahi kuijua rangi halisi ya nywele zake kwa sababu ya unga. Stima ya Mutua ilisaga mahindi na pia ikalisha betri zetu.

Mama alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa betri. Mlango ukae wazi, kwa maana betri ikichemka hutoa hewa isiyoonekana na inayopenda moto. Sigara nje, jiko nje, koroboi nje, kiberiti usikitaje. Asidi ndiyo huingizwa kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi itakurukia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hakuna kula humo ndani, na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama umegusa mlango tu, kwa kuwa ile risasi, madini yaliyo tumboni mwa betri, alisema, huingia mwilini polepole na haiagi. Asidi ikimwagika sakafuni aliinyunyizia magadi, yale yale aliyopikia kunde, nayo ikatoa povu mpaka ikachoka. Aproni yake ililala kibandani kwenye msumari, haikuja nyumbani hata siku moja. Hata hivyo nguo zake zote zilikuwa na matundu madogo madogo. Mutua alimtania kila asubuhi: “Mama Nekesa, kikulacho ki nguoni mwako!” Naye Mama alicheka huku amefunika mdomo.

Ila jambo lililotuuma sisi watoto lilikuwa maji. Maji ya visima vya Kitengela yana chumvi. Chai yake inahitaji sukari mara mbili ili ikubali kuitwa chai. Betri ikinyweshwa maji hayo hufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo mvua iliponyesha Mama alitandaza mabeseni uani, mbali na paa, akayakinga maji yaliyotoka mbinguni moja kwa moja, akayachuja kwa kitambaa na kuyahifadhi kwenye mitungi ya plastiki chini ya meza ya chaja. Yalikuwa ya betri peke yake. Sisi tulikunywa chumvi, betri zikanywa mvua. Siku moja nilimuuliza kama angenipenda zaidi ningekuwa betri, akanijibu kwamba betri hainung'uniki.

Miongoni mwa wateja wake wote, rafiki alikuwa mmoja. Nasieku alitoka upande wa Kisaju na punda wake, betri upande mmoja na upande wa pili jiwe la kusawazisha mzigo. Alikuwa mshona shanga. Shanga za shuka aliyojifunga, mikufu, vipuli vya masikioni, vyote vilikuwa kazi ya mikono yake, na watu walitoka mbali kumwagiza mapambo ya harusi. Mama alimsalimu kwa Kimaa alichojifunza kwake, “Takwenya!” naye akaitika, “Iko!” kisha mimi nikainamisha kichwa akaniwekea kiganja utosini. Nilimwita Yeyo, yaani mama. “Hii betri yangu iko na njaa,” angesema, na wakati betri ikila, wao wawili walikaa nje kwenye benchi, Mbukusu na Mmasai, kila mmoja akikivunjavunja Kiswahili kwa namna yake, wakielewana kuliko watu waliozaliwa tumbo moja.

Msimu mmoja Nasieku alimletea Mama kibuyu cha maziwa na akaazimia kumfundisha kukitunza. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Huchomwa kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwituni, mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, kisha unakisugua kibuyu kwa ndani kwa kaa lile, na moshi wake ndio unaoyapa maziwa ile ladha ambayo mpaka leo siioni kwenye pakiti yoyote ya dukani. Nasieku alifanya kazi hiyo kando ya ua, na mimi nilikaa karibu naye niunuse ule moshi. Harufu zote mbili, ya betri na ya oloirien, ziko kichwani mwangu katika chumba kimoja.

Mazoea yana taabu. Alasiri moja upepo ulivuma kwa hasira, vumbi likawa ukuta, na Mama akausukuma mlango wa kibanda ukabaki upenyo tu, ili mchanga usiingie kwenye betri zilizofunguliwa vifuniko. Chaja ilikuwa imeunguruma tangu asubuhi. Nje, upepo ulikuwa ukimzimia Nasieku kaa lake kila mara alipokaribia kusugua. Alijua sheria za kibanda kama sala. Asingeingia na jiko, asingeingia na kiberiti. Lakini kijiti cha kibuyu kwake hakikuwa moto, kilikuwa kitu cha maziwa. Na Mama naye, aliyekuwa ameinama akipima betri kwenye kona, alimwona akiingia kujikinga upepo, kibuyu kwapani na kijiti mkononi, na hakuona moto. Aliona kibuyu. Hao ndio watu wangu wawili, waangalifu kupita kiasi, na hatari ikawapita katikati imevaa nguo za nyumbani.

Mlio haukuwa mkubwa kama watu walivyousimulia baadaye. Ulikuwa kama bati lililopigwa teke. Kisha nikamsikia Nasieku. Betri iliyokuwa mbele yake ilikuwa imepasuka juu na kumtemea asidi usoni. Alitoka akipapasa, kibuyu kimemdondoka, akilia kwa Kimaa, na katika kilio hicho nilielewa neno moja tu kwa sababu alinifundisha mwenyewe akinionyesha kwa kidole: macho. Mutua alifika mbio ameshika mkebe wa magadi. Alikuwa ameona mara nyingi magadi yakiishinda asidi sakafuni, na kwa moyo mweupe kabisa alitaka kuyatia machoni mwa binadamu. Mama alimpiga kikumbo, mkebe ukaruka.

“Magadi ni ya sakafu! Leta maji! Maji peke yake!”

Maji hayakuwako. Mwenye punda wa maji hakuwa amepita kwa sababu ya upepo, na pipa letu lilikuwa na tope chini. Mutua alisimama amechanganyikiwa. Mama akamketisha Nasieku chini, akaingia tena ndani ya kile kibanda chenye moshi, akazima chaja, na akatoka anaburuta mtungi wa maji ya mvua. Alimlaza kichwa kwenye paja lake, akamfumbua jicho kwa vidole viwili, akamimina. Hakumwaga, alimimina, taratibu, mfululizo, kutoka puani kwenda nje, jicho moja kisha la pili, kisha akarudia. Nasieku alimkaba mikono na kupiga kelele, naye Mama alikuwa akimwambia, “Pole, dada yangu, pole, fungua, usifumbe, nakuomba usifumbe.” Mtungi ukaisha. Akamtuma Mutua alete wa pili, kisha wa mwisho. Maji ambayo hatukuruhusiwa hata kuyaonja yalitiririka vumbini yote, na Mama hakuyatazama yalikokwenda. Machozi yake yaliangukia uso wa Nasieku yakachanganyika nayo.

Zahanatini waliendelea kumwosha, wakasema ameletwa amekwisha kuoshwa vizuri, kisha wakamfunga bandeji na kutuambia tungoje. Mshona shanga asiyeona atatia uzi vipi? Mama alikuwa akimuuliza Baba swali hilo, na Baba akisema ajali haina kinga, na Mama akijibu kwamba ina kinga, kinga ilikuwa mlango na yeye ndiye aliyeusukuma. Betri za wateja zilikauka, wengine wakazihamishia kwingine. Mutua alimwonea huruma kwa yale maji, akasema yakimwagika hayazoleki. “Hata yangezoleka,” Mama akasema, “singeyazoa.”

Siku bandeji ilipofunguliwa Mama alikuwa amekaa kitandani mwa Nasieku, mimi nimesimama mlangoni. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Yaliangaza ukutani, yakapepesa, yakatua usoni mwa Mama na kukaa hapo muda mrefu. “Mama Nekesa,” Nasieku akasema, “kwani wewe hujalala?” Mama akaangua kilio hadi muuguzi akatutoa nje.

Stima ilitufikia miaka michache baadaye, na kibanda kikafungwa. Mama alitutoka nikiwa kidato cha pili, kwa maradhi yaliyomchukua upesi, akazikwa Bungoma. Sasa Kitengela ina maghorofa, na watoto wangu hawaamini kwamba taa iliwahi kubebwa kwa punda. Simu zao zimejaa picha zangu: nikipika, nikisinzia, nikigomba. Mimi sina picha ya Mama ya miaka ile. Tulizokuwa nazo ziliharibika tulipohama nyumba, ikabaki ile ya kitambulisho, ambayo haifanani na mtu yeyote. Na nakiri kwa uchungu kwamba uso wake umeanza kunitoroka. Sauti ninayo, mikono ninayo, matundu ya nguo ninayo. Uso unafifia.

Mwaka huu nilikwenda Kisaju. Mashamba yamegawanywa, kuta zimejengwa hadi mlangoni mwa Nasieku, na wajukuu humwita koko. Bado anashona, alikuwa na sinia ya shanga mapajani, akizitenganisha moja moja, nyekundu na za rangi ya chungwa, bila miwani. Niliinamisha kichwa, na kiganja chake kikatua. Tulipomaliza chai nikamwambia ukweli wa safari yangu, kwamba ninamsahau Mama.

Aliweka sinia kando. “Mama yako alikuwa na mwanya hapa,” akasema akigusa meno yake ya juu, “ndiyo alikuwa anafunika mdomo. Jicho hii ya kushoto ilikuwa ndogo kidogo kuliko ingine. Na hapa kwa shavu alikuwa na alama, kama punje ya mtama. Siku ile walinitoa bandeji, hiyo ndiyo kitu ya kwanza niliona.”

Mwanya. Nilikuwa nimeusahau mwanya. Nikamwomba aniambie tena, polepole, akaanza upya kutoka kwenye paji la uso, macho yake yakiwa wazi na yangu nimeyafumba.