Kiti cha Mgeni

Gari linalokufa moja kwa moja ni gari la heri. Unalifungua, unaona kilichooza, unakitupa, unafunga kingine. Linaloudhi ni lile linalokufa na kufufuka lenyewe, tena mbele za watu, likakuacha wewe ndiye mwongo. Mimi nililiendesha la namna hiyo enzi za ujamaa, pikapu kuukuu ya kijiji chetu upande wa Muleba, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Siku za kazi halikuwa na neno. Lilipanda milima na magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi na akina mama wa kwenda hospitali, huku katibu wa kijiji ameketi mbele karibu yangu akisinzia. Lakini likipakia mkubwa kutoka Bukoba, vituko vinaanza. Tukiingia kwenye mashimo, injini inazima ghafla. Mkubwa anashuka, anakung'uta suruali, ananitazama. Nafungua boneti, nashikashika waya, narudi kupiga stata, linawaka. Anapanda, tunasogea kidogo, linazima tena. Wengine walimalizia safari kwa miguu, viatu mkononi.

Sasa lazima niseme kuhusu nyasi. Kwetu Wahaya mgeni hakanyagishwi sakafu tupu. Nyumba hutandikwa nyasi mbichi, laini, zilizokatwa rweya, kule kwenye mbuga kati ya kijiji na kijiji, na anayezitandika vizuri husifiwa. Mama yangu alikuwa hodari wa kazi hiyo. Kijiji kilipopata gari na mimi nikapewa ufunguo, yeye aliona jambo moja tu: mwanawe anabeba wageni, na gari lina sakafu ya bati. Basi kila siku ya mgeni alifika asubuhi na mzigo wa nyasi kichwani, akatandika mbele, akashindilia hadi chini ya kiti, ili miguu ya mgeni isiguse bati popote. Kesho yake anazitoa zikiwa zimenyauka. Nilijivunia jambo hilo. Hata wakubwa walizisifu, kabla gari halijawazimikia.

Nililipeleka gari kwa fundi mjini Bukoba, si mara moja. Akapima betri, akasugua pointi, akabadilisha koili, akaliendesha mpaka ufukweni kwenye ziwa na kurudi. Halikukohoa hata kidogo.

"Gari zima hili, ndugu yangu," akaniambia. "Labda dereva ndiye wa kupimwa."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka nao kijinga, huku nimeuma meno.

Mwenyekiti wetu hakucheka. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema, "Ndugu wananchi, gari letu likibeba kahawa ni zima. Likimbeba kiongozi linaugua. Ni ugonjwa gani huo unaojua cheo cha mtu? Hapa tuna mhujumu."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja, dereva kijijini alikuwa mmoja. Siku hizo neno hilo halikuwa la mchezo. Ukiitwa mhujumu, hata uliyekuwa ukinywa naye rubisi anakumbuka ana kazi kwake. Mama yangu alikuwa ameketi chini na wanawake wenzake, nikamwona akivuta khanga mpaka machoni. Mwenyekiti akamalizia kwamba gari likizima na mgeni mara nyingine, nitaukabidhi ufunguo kisha nikajieleze polisi.

Na likazima. Lilimzimikia bwana mmoja wa mambo ya kahawa, katikati ya mlima, kukiwa na jua zuri tu. Akashuka, akasimamisha lori lililokuwa likipita, akaenda zake bila kuniaga. Nikapiga stata. Likawaka papo hapo. Hapo hasira zikanipanda kweli kweli. Nililitukana gari lile kwa Kiswahili, kikaniishia, nikaendelea kwa Kihaya. Kisha nikakipiga ngumi kile kiti cha mgeni kwa nguvu zangu zote.

Injini ikazima.

Nikawasha tena. Nikakikandamiza kiti kwa goti, ikazima. Nikainuka, nikawasha, ikanguruma vizuri. Nikang'oa kiti. Chini yake zilikuwa nyasi za mama, zimeshindiliwa barabara, na juu ya nyasi hizo umelala waya unaopeleka moto kwenye koili. Mwenye gari wa kwanza aliupitisha hapo kwenye swichi ya kuficha, kwa kuogopa wezi. Mwingine akaja akaiondoa swichi, akazisokota zile ncha mbili kwa vidole na kuzifunga utepe wa kitambaa. Pasipo nyasi, waya ulilala sakafuni salama. Nyasi zikiwepo, uliinuliwa hadi kwenye springi za kiti. Mgeni akirushwa na shimo, kiungo kinaachana. Akishuka, kinagusana. Kule kwa fundi hapakuwa na nyasi wala mgeni.

Sikugusa kitu. Nilirudisha kiti, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, nikamketisha hapo injini ikiwa inawaka, nikamwambia ajirushe. Ikazima chini ya makalio yake. Nikamwonyesha waya.

"Sawa, nimeona," akasema. "Yameisha."

"Hayajaisha, mwenyekiti. Uliniita mhujumu mbele ya kijiji. Nisafishe mbele ya kijiji."

Akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda. "Vizuri. Nitasema lililowazuia viongozi ni nyasi. Wananchi watauliza, nyasi za nani? Nimtaje mama yako?"

Ningeweza kumpiga. Nilikaza kiungo kwa koleo, nikakifunga upya, nikaondoka. Gari halikuzima tena, na mama aliendelea kulitandikia nyasi kila siku ya mgeni, kwa sababu sikumwambia lolote.

Lakini magoti yalipomkataza kwenda mkutanoni mwenyewe, kila nilipotoka huko alinisubiri mlangoni, akitaka kusikia kama nimesafishwa.

"Mwana wange, wamesema?"

"Bado, Mawe," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kihaya.

Aliuliza hivyo miaka na miaka. Alizeeka akiuliza.

Siku tuliyomzika, kibanja chetu cha migomba kilijaa watu, wameketi kwenye nyasi walizokata wanawake wenzake. Mwenyekiti, naye mzee sasa, akasimama na mkongojo wake kuaga kwa niaba ya kijiji. "Mama huyu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "alituzalia dereva mwaminifu, ambaye hakukihujumu kijiji hiki hata siku moja."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Alikuwa amesema, mbele ya kijiji kizima, na jeneza lilikuwa limekwisha kupigwa misumari.