Baada ya Salamu

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa karani katika ofisi ya karakana moja hapa Kindu, na kusema kweli nilikuwa na maringo. Zamani fundi akitaka ruhusa aliandika barua: ukurasa mzima wa kumjulia hali bwana mkubwa, mke wake na watoto wake, ndipo yaje maneno "baada ya salamu", kisha haja yenyewe. Halafu zikaja karatasi zilizopigwa chapa. Jina, kazi, siku ngapi, na mstari mmoja mfupi wa sababu, ulioandikwa Motif. Nilizipenda mno. Zilinipunguzia kusoma.

Asubuhi moja seremala wetu, mtu wa umri wa kunizaa, aliniletea yake. Kwenye mstari wa sababu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: "Salamu nyingi, bwana mukubwa, weye na nyumba yako. Baada ya salamu," na mstari ukaishia hapo.

"Muzee, sababu iko wapi?"

"Inafuata. Nafasi njo imekwisha."

"Andika sababu tu. Salamu uache."

Alinitazama kama niliyemwambia aingie nyumba ya watu bila kubisha hodi. "Nitaomba muntu kitu bila kumusalimia?"

Nikamrudishia karatasi yake. Kesho yake akaja na nyingine: herufi ndogo kweli kweli, salamu zimeongezeka, na mstari umekwisha palepale. Nikapandwa na hasira.

"Kwani unataka kwenda wapi, muzee?"

"Pangi. Mama iko mugonjwa sana. Anauliza tu juu yangu."

Lori la Pangi lilikuwa limeondoka jana yake, saa chache baada ya mimi kumrudisha. Nilitamani ardhi inimeze. Salamu zake sikuzigusa. Chini yake nikaandika sababu kwa mkono wangu, nikaipeleka mwenyewe kwa bwana mkubwa, ikatiwa sahihi. Akapata lori la keshokutwa.

Alirudi kichwa kimenyolewa, akiwa amezidisha siku tatu, na siku zilizozidi alizijazia karatasi nyingine, yenye mstari uleule wa sababu. Akaiweka mezani taratibu. Nikasoma:

"Mama alifurahi kuniona, alikusalimia sana, mwanangu karani. Baada ya salamu,"

Mstari ukaishia hapo. Sikumuuliza sababu iko wapi. Niliinuka nikamshika mikono yote miwili, na mimi ndiye niliyetangulia kulia.