Tikiti ya Jumamosi

Mjukuu wangu hubadilisha safari ya ndege akiwa amejilaza kitandani, kwa kidole gumba. Akibonyeza Jumanne, inakuwa Jumanne, na simu haimwulizi kwa nini. Miaka ya themanini, pale Malindi, safari yako ilibadilishwa na mtu. Mtu huyo alikuwa na akili zake, na balaa ni kwamba alizitumia.

Wangu, karani wa ofisi ya ndege, alikuwa kijana wa bara, nadhifu, tai imembana shingo katika joto lile. Mezani aliweka ndege ya plastiki, akiipangusa vumbi kwa mapenzi ambayo wateja hatukuyaonja. Watalii aliwainukia kitini. Sisi wenyeji wa mtaa wa Shella alitunyanyulia kidevu.

Mama alifariki Lamu alfajiri. Habari zilinifikia kwa simu ya dukani, nikajibu palepale: nakuja na ndege ya leo, ningojeni. Kwa gari nisingewahi, mvua zilikuwa zimekata njia. Ndege ingeondoka adhuhuri, na maziko yangekuwa baada ya alasiri. Mimi ndiye mwanawe wa pekee. Kushuka kaburini na kumpokea mama mikononi ni kazi ya mwana, na sikutaka kumwachia mtu.

Tikiti nilikuwa nayo tayari, ya wiki iliyofuata, ya kwenda kumtazama katika maradhi yake. Nikaiweka mezani.

"Mama amefariki. Nibadilishie, nataka ndege ya leo."

"Pole sana, bwana," akasema, akaingia nayo chumba cha ndani kupiga simu Mombasa. Nilimsikia akipaza sauti, simu ikikatika, akipiga tena. Nikamwombea dua, mjinga mimi. Alitoka anatabasamu kama aliyebeba sinia la pilau.

"Nimekupatia Jumamosi. Kiti cha dirishani. Na faini nimewaomba wakusamehe."

"Na leo?"

"Leo vilikuwepo viwili. Nimewapa wageni wa hotelini."

Nikamwuliza kama alinisikia nilipotamka leo. Alinisikia vizuri sana. Alidhani ni uchungu unaonisemesha.

"Bwana, leo hata sanduku halijachongwa. Ndugu wa mbali watafikaje? Sisi baba tulimweka mochari wiki mbili. Jumamosi ni siku nzuri ya mazishi."

Miaka yote aliyokaa Malindi, maiti zetu zilipita mbele ya ofisi yake siku ileile ya kifo, watu wakipokezana jeneza mabegani, naye hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye plastiki yake akauliza wale wanakwenda wapi. Nilimdharau hata matusi nikayaona mengi kwake. Asiyejua namsamehe. Anayeijua haja yangu kunishinda mimi mwenyewe, huyo simsamehe mpaka leo. Na bado alisimama pale akingoja nimwambie ahsante.

Nilikwenda uwanjani hivyo hivyo. Wale wageni wawili, wamevaa kaptura, niliwaeleza kwa vijineno vyangu vya Kitaliano. Mmoja alinipigapiga begani, akapanda ngazi. Nikabaki nyuma ya uzio mpaka ndege ikapotea.

Jumamosi nilisafiri, dirishani kama nilivyopangiwa. Mjomba, kaka yake mama, alinipokea akanipeleka makaburini moja kwa moja. Udongo ulikuwa umeshakauka juu. Tulisoma Fatiha, kisha akanishika mkono.

"Tulikungoja, babaangu. Kila kitu kilikuwa tayari, lakini mamako tulimwacha uso wazi, tukasema mwanawe yuko njiani. Tukamweka mtu uwanjani. Ndege ilipotua akarudi, akasema kutoka Malindi wameshuka Wazungu wawili tu. Hapo ndipo tukamfunika. Nikashuka mimi kumpokea, na uzee huu."