Kifuniko cha Mkanda

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, Wazungu walipoondoka na karakana yao ya Butembo ikabaki mikononi mwetu, mimi ndiye niliyejua kuchora. Nilijisikia sana, sikatai. Tajiri mmoja wa Beni, mwenye malori, akaniomba nimtengenezee mashine ya kusaga muhogo, niige ile iliyoachwa kwenye shamba la kahawa.

Ile ya Wazungu ilikuwa na kifuniko cha bati juu ya mkanda unaozungusha gurudumu. Nami nilikichora. Lakini waasi walikuwa wamefunga barabara, bati likawa adimu. Tajiri akaitazama karatasi yangu, akaweka kidole pale pale.

“Fundi, hii kifuniko inasaga nini?”

Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikakifuta. Bati lake tukapanulia kinywa cha kumwagia muhogo. Nilijua mkanda ulio wazi unaweza kufanya nini. Asikudanganye mtu kwamba sisi mafundi hatujui.

Tena kwetu mwanamke hakubali unga wake ubaki ndani ya mashine uende kwa mwenzake. Husogea karibu kabisa, akagonga bati kwa kiganja mpaka vumbi la mwisho litoke. Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Hata hivyo mdomo wa kutokea unga niliuweka upande wa mkanda, kwa sababu upande ule kazi ilikuwa nyepesi.

Mwezi haukuisha, mkanda ukashika kikwembe, kitenge alichojifunga mama mmoja mkulima, ukavuta na mkono. Wakaniita Beni, njia ikanichelewesha wiki kadhaa. Nilidhani nimeitwa kuulizwa. Kumbe nimeitwa kunyoosha gurudumu, watu wasage. Kila mmoja alisema yule mama hakufunga kikwembe vizuri. Nikanyoosha gurudumu. Kifuniko sikukitaja.

Nilipomaliza, akaja yule mama mwenyewe, mkono umeishia kwenye kiwiko.

“Weye njo ulifanya hii machini?”

“Mama, nilifuata tu plan ya bazungu.”

Uongo ulinitoka bila hata kukwama. Akatikisa kichwa.

“Donc bazungu balienda, na bangali banatukata. Aksanti, mwana yangu, sababu ulikuya kuitengeneza.”

Akaninyooshea kichane cha ndizi alichokuja nacho. Nikakipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa kumheshimu mkubwa.